Mboji Iliyoiva: Namna ya Kuitambua Kabla Hujalipa

Wanunuzi wengi wa mboji huchagua kwa macho: ikiwa nyeusi, wanalipa. Weusi ndio ushahidi dhaifu kuliko yote. Samadi iliyooza kwa kukosa hewa huwa nyeusi tii, na pumba za mpunga zilizoungua vilevile. Mboji nzuri aghalabu ni ya kahawia iliyokolea, na sifa inayoipa thamani ni kuiva: vijidudu vimemaliza vyakula vyepesi, na kilichobaki ni mabaki tulivu yenye asidi za humiki na fulviki, ambazo mzizi hunufaika nazo. Kuiva huko kunapimika bila maabara.

Pua kwanza

Chota kiganja kutoka katikati ya lundo. Mboji iliyoiva hunukia ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza. Harufu hiyo hutokana na geosimini, inayotengenezwa hasa na bakteria wa kundi la aktinomaiseti. Ukisikia harufu ya mkojo, hiyo ni amonia: naitrojeni uliyotaka kuinunua inapotelea hewani. Harufu ya siki au ya mayai viza inaonyesha kwamba lundo lilikosa hewa, na asidi zilizomo zinaweza kudumaza mbegu zinazoota. Ukiwa na shaka, jaza mboji yenye unyevu kwenye kopo lenye kifuniko, liache kivulini siku 3, kisha lifungue. Mboji mbichi haiwezi kuficha uvundo wake humo.

Kisha mkono

Bana kiganja kimoja. Ikishikana bila kuchuruzisha maji, halafu ikavunjika ukiigusa kwa kidole, unyevu wake unafaa. Maji yakitiririka, unalipia maji. Sasa itawanye. Kijiti kigumu hapa na pale si kosa, lakini ukiweza kusema hili lilikuwa jani la mgomba na hili bua la mahindi, bado unanunua malighafi. Koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji safi: mchanga huzama mara moja, mboji huchelewa. Aliyeongezea mchanga ili kiroba kijae atajulikana hapo.

Joto lisirudi

Lundo lililopangwa vizuri hupanda hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi katika siku zake za mwanzo, na joto hilo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Baadaye hupoa. Lakini lundo lililokauka nalo hupoa, kwa hiyo ubaridi peke yake hautoshi. Ligeuze, lirushie maji, urudi baada ya siku chache. Likipanda joto tena, vijidudu bado vina kazi. Ukiipeleka mboji shambani ikiwa hivyo, vitaimalizia kazi hiyo huko kwa kukopa naitrojeni ya udongo, na mahindi yako yatakuwa ya manjano. Kwenye maabara, uwiano wa kaboni kwa naitrojeni, ambao mwanzoni huwa karibu 30 kwa 1, unapaswa kuwa umeshuka chini ya 20 kwa 1.

Mzizi ndio hakimu

Chukua makopo mawili. Moja litie udongo wa shamba mtupu, jingine udongo huohuo uliochanganywa na mboji. Panda mchicha kwenye yote mawili, na punje chache za mahindi pembeni. Mchicha ukiota vibaya penye mboji, usinunue. Baada ya wiki mbili ng'oa mahindi taratibu na uoshe mizizi. Mboji bora hujionyesha kwa mizizi myeupe, yenye matawi mengi ya pembeni.

Matawi hayo yana sababu yake. Kwenye utando wa seli za mzizi kuna pampu zinazosukuma ioni za haidrojeni nje. Mwaka 2002 Luciano Canellas na wenzake nchini Brazili walionyesha kwamba asidi za humiki zilizotolewa kwenye mboji ya minyoo ziliongeza kazi ya pampu hizo katika mizizi ya mahindi, na matawi ya pembeni yakaongezeka, kwa namna inayofanana na kazi ya homoni ya auksini. Pampu zikichapa kazi, kuta za seli hulegea na seli hurefuka, na mmea hupata nguvu ya kuvuta naitreti. Nje ya mzizi, asidi hizohizo za humiki hushikilia potasiamu na kalsiamu zisioshwe na mvua, na hubeba chuma na zinki katika hali ambayo mmea unaweza kuzichukua. Uchambuzi wa majaribio mengi ya dutu za humiki uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta uzito mkavu wa sehemu ya juu ya mimea ukiongezeka kwa wastani wa 22%, na wa mizizi 21%. Lakini dozi ikizidi, mizizi hudumaa.

Anayetaka kuona kazi ya kurutubisha udongo hivi ikifanywa kwa vizazi aende Kagera. Wahaya wamejenga rutuba ya vibanja vyao vya migomba kwa samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa rweya, mbuga iliyo jirani, ambayo udongo wake umebaki duni ingawa mvua ni ileile.

Kwa hiyo muulize muuzaji nini kiliingia kwenye lundo, na liligeuzwa lini mara ya mwisho. Anayelijua lundo lake atajibu bila kusita, naye anastahili bei ya juu, kwa sababu unamlipa miezi ya kungoja. Kwa kitalu, changanya sehemu 1 ya mboji na sehemu 3 za udongo. Fedha ikiwa haba, nunua nusu kiroba cha iliyoiva, na uache viroba viwili vya mbichi vikae kwa mwenyewe mpaka viive.