Ngome Isiyokuwapo

Katika mwaka wa 1967 Bruno Bettelheim, aliyekuwa mkuu wa Orthogenic School katika mji wa Chicago, alitoa kitabu alichokiita The Empty Fortress, jina ambalo kwa lugha yetu maana yake ni Ngome Tupu. Kilikuwa juu ya watoto wenye usonji, kikasomwa na wengi na kusifiwa sana. Lugha yake ni nzuri. Hilo halina budi kukubaliwa kwanza, maana uzuri huo ulisaidia kuwapoteza wasomaji.

Mwandishi alikuwa amepata kufungwa katika kambi za Dachau na Buchenwald, miaka ya 1938 na 1939. Huko aliona watu waliokata tamaa wakazifunga nafsi zao zisihisi tena. Alipokutana na watoto wasiosema, wasiotazama watu machoni, alidhani ameliona jambo lile lile: mtoto amejenga ngome kwa hofu. Anamhofu nani? Tazama, msomaji, jinsi mfano mmoja wa maneno unavyoweza kufanya kazi ya mahakama. Mfungwa hakosi mlinzi. Basi mtoto akiitwa mfungwa, mlinzi hutafutwa, na nyumbani hapana aliye karibu kuliko mama. Akina mama wengi walibeba lawama hiyo miaka mingi, ingawa Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mwana mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuipinga katika kitabu chake cha 1964. Leo yajulikana kuwa usonji hutokana na namna ubongo unavyokua, na urithi una sehemu kubwa. Malezi ya mama hayauleti.

Mama aliachiliwa, walakini ngome ilibaki. Hata waliomkana Bettelheim waliendelea kudhani kwamba ndani ya mtoto huyu yumo mtoto mwingine, wa kawaida, anayengoja kukombolewa.

Katika mwaka wa 1993 Jim Sinclair, mwenye usonji mwenyewe, alisema mbele ya wazazi katika mkutano huko Toronto. Hotuba ile ilipigwa chapa kwa jina la Don't Mourn for Us, yaani Msituomboleze. Ni kurasa chache, hazina pambo, nazo zimebomoa kuta ambazo kitabu kinene kilizijenga. Hapana mtoto nyuma ya ukuta, asema. Usonji ni namna ya kuwa; ukiuondoa, uliyempenda ameondoka nao. Huzuni ya mzazi ni ya kweli, lakini ni ya mtoto aliyetarajiwa asije. Huyu aliyekuja yu hai.

Sinclair naye atumia mfano: mtoto ni kama mgeni aliyetoka mbali sana, mwenye lugha yake. Sisi tuliolelewa kwa adabu ya ugeni twauelewa upesi. Ngome huzingirwa, lakini mgeni huulizwa habari. Na msaada hubadilika kwa kufuata mfano. Mtoto halazimishwi kutazama watu machoni. Akisema kwa kuonyesha picha, au kwa mashine ya kusemea, amesema. Akijibembeza ili atulie, huachwa ajibembeze. Akiziba masikio kengele inapolia, hutafutiwa mahali pa kimya, hapigwi fimbo. (Huenda umepata kukaa dawati moja na mtoto kama huyo, nawe ukacheka.)

Nina neno la kumlaumu Sinclair. Awaambia wazazi kwa ufasaha mambo ya kuacha, lakini juu ya usiku asema kidogo mno. Mama ambaye mwanawe apiga kichwa ukutani saa nane za usiku hatoshelezwi na habari ya namna nyingine ya kuwa. Ataka kujua kama ni jino linalouma, au sikio, maana mtoto hawezi kumwambia; tena ataka mtu wa kumpokea zamu hata alfajiri. Mambo hayo nayo ni heshima kwa mtoto. Niliutafuta ukurasa wake katika hotuba ile mara mbili, sikuuona.