Jeneza, Joho na Gundi

José Mojica Marins alizaliwa São Paulo, Brazil, siku ya Ijumaa tarehe 13 Machi 1936. Baba yake alikuwa akisimamia jumba la sinema, na familia iliishi nyuma ya jumba hilohilo. Kijana aliyekulia hapo hakuhitaji kuelezwa filamu ni nini. Alipofika umri wa miaka 12 alipewa kamera, akaanza kuwapiga picha watoto wenzake wa mtaani. Kazi hiyo hakuiacha mpaka uzeeni.

Mwaka 1963 aliota ndoto mbaya: mtu mwenye mavazi meusi anamburura hadi makaburini, naye akimtazama vizuri anauona uso wake mwenyewe. Ndoto hiyo ndiyo iliyomzaa Zé do Caixão, mzikaji wa mji mdogo mwenye joho jeusi, kofia ndefu na kucha za kutisha. Hamwogopi Mungu wala wafu, na shida yake moja ni kumpata mwanamke wa kumzalia mtoto wa kiume. Marins aliandika, akaongoza, na joho akalivaa mwenyewe.

Filamu ya kwanza ya Zé, À Meia-Noite Levarei Sua Alma, ilitoka mwaka 1964. Fedha hazikuwepo, kwa hiyo msitu na makaburi vilijengwa ndani ya studio. Kuna mahali Zé anakaa dirishani siku ya Ijumaa Kuu, anatafuna paja la kondoo na kucheka huku maandamano ya waumini yakipita chini yake. Katika nchi ya Wakatoliki, chumba kimoja, dirisha moja na kipande cha nyama vilitosha kuwatia watu baridi. Kwangu mimi huo ndio uongozaji hasa: kujua hofu ya watazamaji wako inakaa wapi, kisha kuigusa hapohapo.

Ufundi wake mwingine ulikuwa wa mikono. Alipotaka mzuka ung'ae kingo zote, na mitambo ya kufanya hivyo hana, alichukua chembe za kumetameta akazibandika kwa gundi juu ya mkanda wenyewe. Fikiria uvumilivu wa kazi hiyo: picha moja baada ya nyingine, kila moja ndogo kama stempu, na mtu ameinamia meza akifuata umbo la mzuka kwa ncha ya kidole. Matokeo yake yanatetemeka kwenye kiwambo, na mtetemo huo unatisha kuliko mwanga ulionyooka wa studio tajiri.

Mwaka 1967 ikafuata Esta Noite Encarnarei no Teu Cadáver. Buibui waliotambaa juu ya waigizaji wa kike kitandani walikuwa hai. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, lakini Zé anapoburutwa kuzimu rangi zinalipuka ghafla, na kuzimu kwenyewe si moto bali ni baridi, viungo vya watu vikichomoza ukutani. Wazo kama hilo halinunuliwi kwa bajeti.

Lakini utawala wa kijeshi ulikuwa madarakani tangu 1964, na wakaguzi walimbana. Walimlazimisha abadilishe mwisho: Zé, anapozama kinamasini, amkiri Mungu. Filamu nyingine ya miaka michache baadaye, yenye jina linalomaanisha "Kuamka kwa Mnyama", ilipigwa marufuku kabisa. Kwa miaka mingi Marins aliishi kwa kazi za kubangaiza na maonyesho ya televisheni, ambako wengi walimchukulia kama kichekesho. Hawakumtendea haki, kwani hata Glauber Rocha, nguzo ya sinema mpya ya Brazil, alimheshimu.

Mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 72, aliikamilisha hadithi kwa Encarnação do Demônio, iliyoonyeshwa Venice. Safari hii fedha zilikuwepo. Zé kijana aliigizwa na shabiki wake kutoka Marekani, Raymond Castile, na katika matukio hayo ya ujana wa Zé Marins aliurudia mwisho ule wa kinamasini na kuufuta. Zé hakutubu. Marins alifariki São Paulo mwezi Februari 2020, hadithi yake ikiwa imeisha alivyotaka yeye.