Sura ya Kuazima

Katika The Shadow Scholars, filamu ya Eloise King ya mwaka 2024, Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, anakuja Nairobi kutafuta vijana wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na hata tasnifu kwa malipo. Kama umesoma chuo hapa, hiyo si habari mpya. Kila komredi anamjua msee ambaye laptopu yake inawaka saa tisa usiku, kwa sababu New York bado ni jioni na mteja anangoja.

Kilichonishika ni nyuso. Ili kuwalinda waandishi, King ametumia akili mnemba kuwavalisha sura zisizo zao. Midomo inacheza, macho yanakutazama, lakini mwenye sura hiyo hayupo. Enyewe ulinzi unahitajika, siulaumu. Ila ona kilichotokea: ule mpango wa maneno ya huyu, jina la yule, umeingia hadi ndani ya filamu. Kwangu, hapo ndipo inaposema ukweli kuliko kwenye mahojiano yoyote.

Inapoteleza ni kwenye sifa. Inataka tustaajabie akili za hawa watu, na kweli wako nazo: leo uuguzi, kesho falsafa, tena kwa Kiingereza cha London au cha Chicago kulingana na mteja. Lakini sifa hailipi kodi ya nyumba. Mimi nilitaka ikae zaidi kwenye swali gumu: mtu aliyeandika miaka saba ataweka nini kwenye CV? Kazi yote aliyofanya ina jina la mwingine. Na tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, mteja anaweza kupata insha bila kumlipa mtu. Teknolojia ya aina ile ile inayomficha kwenye skrini ndiyo inayomnyang'anya unga.

Wengine watasema, si alilipwa? Alilipwa, ndiyo. Lakini cheti kiko kwa mnunuzi, na mlango kinaofungua uko huko huko kwao.

Itazame. Halafu yule rafiki yako anayekesha usimuulize analipwa ngapi. Muulize ni insha gani kati ya zote angetamani ingekuwa na jina lake.