MarCO: mapacha waliosimulia InSight ikitua

Desemba 1999 chombo cha Mars Polar Lander kiliingia katika anga ya Mirihi kikiwa bubu, kwani hakikuundwa kutuma taarifa wakati wa kushuka. Hakikusikika tena. Wachunguzi walibaki kukisia kwamba huenda kompyuta ilidhani miguu imekwishagusa ardhi, ikazima injini kingali juu. Tangu hapo NASA ilitaka kila chombo kinachotua kijieleze kikiwa bado kinashuka.

Kusema ni rahisi. Chombo kinachoning'inia kwenye parashuti hakina antena kubwa wala umeme wa kufikisha data Duniani, ila kinaweza kuzungumza kwa mawimbi ya redio ya UHF na setilaiti iliyo karibu. Chombo cha NASA cha InSight kilipotua Novemba 26, 2018, Mirihi ikiwa kilomita milioni 146 hivi kutoka kwetu, darubini za redio za Green Bank, Marekani, na Effelsberg, Ujerumani, zililidaka wimbi lake moja kwa moja. Lakini lilikuwa wimbi tupu: lilionyesha jinsi mwendo ulivyobadilika, basi. Setilaiti ya MRO, inayoizunguka Mirihi, nayo ilikuwa ikipita juu, ila haikuweza kupokea UHF na papo hapo kutuma Duniani kwa mawimbi ya bendi ya X. Ilirekodi kila kitu, na rekodi hiyo ingefika saa kadhaa baadaye.

Saa hizo ndizo zilizofutwa na MarCO, setilaiti mbili zenye ukubwa wa mkoba wa ofisini, kila moja na uzito wa kilo 13.5. Zilirushwa kwa roketi moja na InSight Mei 5, 2018, kisha zikasafiri zenyewe hadi Mirihi. Zilijisukuma kwa gesi itumikayo katika vizimamoto, ndiyo maana wahandisi waliziita Wall-E na Eva, kwa wahusika wa filamu ya katuni ya WALL-E, ambamo roboti hujisukuma angani kwa kizimamoto. Wall-E alikuwa na vali inayovuja, kwa hiyo kumweka kwenye njia yake ilikuwa kazi ya kubembeleza.

Kiini cha ufundi ni redio iitwayo Iris. Ilipokea UHF ya InSight, ikaipanga upya na kuituma kwa bendi ya X, kilobiti 8 kwa sekunde, kupitia antena bapa ambayo vipande vilivyochapwa juu yake huakisi mawimbi kama dishi. Kasi hiyo ni ndogo mno, lakini kwa urefu, mwendo na hali ya parashuti inatosha. Taarifa zilifika takriban dakika 8 baada ya tukio, muda wa safari ya mawimbi yenyewe. Picha ya kwanza, yenye vumbi kwenye kifuniko cha lenzi, ilipitia hukohuko.

Tusizikuze setilaiti hizi kupita kiasi. InSight ingetua hata bila MarCO, na MRO ingetoa habari zote saa kadhaa baadaye. Faida kubwa ya MarCO ingeonekana kama InSight ingeanguka. Tena mapacha hao hawakuwa na mafuta ya kufunga breki: waliipita Mirihi, wakanyamaza, Wall-E mwishoni mwa Desemba 2018 na Eva mwanzoni mwa Januari 2019. Mawasiliano ya kila siku ya InSight yakabaki mikononi mwa MRO na setilaiti nyingine ya Mirihi, Odyssey.