Faraday Juu ya Uzito na Umeme

Mwaka 1850 Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliwasomea wataalamu huko London habari za majaribio yake. Alitaka kujua kama uvutano wa dunia una undugu na umeme. Akaangusha vipande vya madini pamoja na waya uliozungushwa, asione umeme wowote utokanao na uzito.

Twaona kosa moja katika maandishi hayo: tumaini limepewa nafasi kubwa kuliko ushahidi. Kweli nguvu hizi mbili hufanana, maana umbali ukizidi mara mbili, kila moja hubaki robo. Walakini umeme ni wa namna mbili, nao huvuta na kusukuma. Uzito huvuta tu. Tena chumba kilichofunikwa madini pande zote huzuia nguvu ya umeme wa nje, wala hakuna ukuta uzuiao uzito.

Hata hivyo twayasifu. Faraday alikiri waziwazi kwamba undugu aliousadiki hakuuthibitisha. Sisi tufundishao watoto na tumwige: tuseme lililoonekana, kisha tuseme tulitumainilo, wala tusiyachanganye.