Usinunue jiko kwa mngurumo

Muuzaji wa majiko makubwa ya gesi Kariakoo ana mbinu moja ya kukushawishi: anafungulia koki mpaka mwisho. Moto unaruka, jiko linanguruma, wapita njia wanageuka, naye anatabasamu: "Bosi, hili la hoteli hili." Anayepika pilau ya harusi ana kila sababu ya kufurahi. Wewe unayetaka jiko la kupikia mbege nyumbani tulia kwanza, maana bado hujaonyeshwa kitu.

Mbege ilishuka Dar na Wachaga wenyewe, na wapo wanaoipika uani kwao kwa ajili ya kipaimara, posa au Krismasi kwa wasiopanda Moshi. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi kuelekea wekundu, huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Kijijini kazi hiyo ni ya kuni. Mjini kuni ni mtihani, moshi wake ni ugomvi na majirani, na Serikali nayo, katika mkakati wa nishati safi uliozinduliwa Mei 2024, inataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Ndiyo maana mpishi wa pombe siku hizi anaonekana Kariakoo akiulizia jiko la gesi.

Shida ni kwamba majiko mengi makubwa yanayouzwa yametengenezwa kwa ajili ya karai. Mkaanga samaki pale Feri, Magogoni, anahitaji mafuta yabaki ya moto hata akitumbukiza pweza wa baridi. Kwake mwali mkali ni mali. Sufuria ya ndizi ni jambo jingine. Maji yakipata moto chini hupanda yenyewe na ya juu yakashuka, lakini ndizi zilizopondeka, tena zenye sukari, hazizunguki hivyo. Kilichotua chini kinabaki chini, na mwali ukichoma sehemu moja, pale pale panaungua. Uji wa ulezi ndio usiseme. Harufu ya kuungua ikishaingia haitoki kwa kuchuja. Viwanda vikubwa vya bia, kama cha TBL pale Ilala, hupasha mitambo yao kwa mvuke, na hofu ya kuunguza ni sababu mojawapo. Sisi wa uani hatuna mvuke, kwa hiyo cha kuchunguza ni jinsi mwali unavyotawanyika, na jinsi unavyotii.

Mwambie muuzaji ashushe moto mpaka karibu na kuzima. Wengi hushangaa, kwani hawajazoea kuombwa hivyo. Inama, utazame kwa usawa wa matundu. Jiko zuri litabaki na vimiali vidogo vya buluu kwenye kila tundu, mzunguko mzima. Jiko baya litazimika upande mmoja, au moto utarudi ndani ya bomba na kutoa mlio wa "pu!". Usiridhike na sekunde chache. Omba liwake dakika kumi kwanza, ndipo lishushwe tena, kwa sababu kichwa kikishapata moto ndipo tabia ya kurudisha mwali inapojitokeza. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili. Kariakoo maduka hayaishi.

Rangi nayo inasema. Buluu yenye kitovu kilichokoza ni sawa. Njano ina maana hewa haitoshi, na utalipa kwa masizi chini ya sufuria na gesi isiyoungua vizuri. Mwali unaoruka na kuachana na tundu umezidiwa hewa. Kasoro hizi mbili zinaweza kurekebishwa kwa kuzungusha kidirisha cha hewa pale bomba linapoanzia, ilimradi kidirisha chenyewe kipo na kinazunguka. Majiko ya bei ya chini mara nyingi hukikosa.

Kwa umbo, kuna kichwa chenye midomo mingi ya shaba, kila mmoja ukitupa mwali wake juu kama mshale. Ndicho kinachonguruma, na ndicho ningekiacha. Kuna pete za chuma kizito, mbili au tatu, moja ndani ya nyingine, kila pete na koki yake. Hilo ndilo jiko la mbege: unawasha zote mpaka sufuria ichemke, kisha unazima ya ndani na kuiacha ya nje ikiwaka kidogo, moto ukizunguka badala ya kuchoma katikati. Pitisha kidole juu ya matundu. Yawe sawasawa, yasiwe na vichengachenga vya chuma vilivyobaki tangu kiwandani. Kichwa cha kufunga moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6 ni cha chai na ugali. Kukitwisha lita 50 za ndizi ni kutafuta ajali.

Na uzito huo usiupuuze. Sufuria ya lita 50 ikijaa hupita kilo 50, na utaisukuma kwa mwiko mrefu kwa saa nyingi. Miguu ya jiko ikiwa ya bati lililokunjwa, achana nalo. Wengi hununua kichwa peke yake, kisha humpelekea fundi wa kuchomelea Gerezani awatengenezee stendi ya nondo au pembe-chuma, miguu minne iliyopanuka chini. Mwombe fundi asimame juu yake mbele yako. Akisita, umeshapata jibu. Mwambie pia aache nafasi kati ya kichwa na sufuria: mwali ulambe chini na kuishia ukingoni. Ukipanda ubavuni hadi kwenye mikono ya sufuria, unapasha moto hewa ya jiji.

Mtungi nao una hesabu yake. Kuchemsha lita 50 za maji ya bomba la Dar, kama nusu ya joto inafika kwenye sufuria, kunakula kama theluthi mbili ya kilo ya gesi, bado saa za kuchemsha taratibu. Mtungi wa kilo 6 ukinyonywa kwa kasi hiyo hupoa, hutoka jasho, na moto hufifia hali gesi ingalimo. Chukua wa kilo 15, na udai upimwe kwenye mizani kabla hujalipa.

Regulata lazima ilingane na jiko. Ya nyumbani hushusha mkandamizo hadi milibari 30 hivi. Za majiko ya hoteli hufika bar 1 na kupita. Jiko la mkandamizo mdogo likifungiwa regulata ya mkandamizo mkubwa linageuka hatari, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukuchanganyia. Uliza, kisha uulize tena. Mpira ubanwe kwa klemu pande zote mbili, na upake povu la sabuni kwenye maungio kila unapofunga mtungi mpya.

Pikia nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya, na chumba cha ghorofani Kariakoo si mahali pa jiko la namna hii. Kama nyumba haina ua, pikia kwa ndugu mwenye ua, na jiko la kununua liwe lile la pete mbili zenye koki mbili, hata kama lililo kando yake dukani linanguruma zaidi na bei ni ile ile.