Sentensi Isiyo na Mtu

Sheria ya silaha za moto ambayo Bunge la Marekani liliipitisha mwaka 1934 ina sentensi moja inayostahili kusomwa kama tunavyosoma ubeti mgumu. Inaeleza rashasha ni nini. Kwa Kiswahili inasomeka takriban hivi: ni silaha yoyote inayofyatua, au iliyobuniwa kufyatua, au inayoweza kurejeshwa kwa urahisi ifyatue, kwa kujiendesha, risasi zaidi ya moja, bila kujazwa kwa mkono, kwa tendo moja la kifyatulio. Anayeimiliki bila usajili anaweza kufungwa hadi miaka 10.

Tazama kiima. Ni silaha, na silaha ndiyo inayotenda. Hata kifyatulio kimepewa tendo lake chenyewe: sentensi haisemi kidole kimevuta, inasema kifyatulio kimetenda. Mwenye bunduki hayumo. Mlengaji hayumo. Nia haimo, wala kujua. Vishazi vya pili na vya tatu angalau vinamgusa binadamu kwa mbali, maana kilichobuniwa kina mbunifu na kinachorejeshwa kina mrejeshaji. Kitenzi cha kwanza hakina hata hilo. Inafyatua, basi.

Uzito wa kitenzi hicho unaonekana bunduki inapoharibika. AR-15 na nyingine za nusu-otomatiki hupiga risasi moja kwa kila mvuto. Risasi ikitoka, nguvu ya mlipuko inarudisha bolti nyuma, ganda linaruka nje, risasi mpya inaingia na nyundo inalazwa tena, yote hayo kidole kikiwa bado kimebana. Ndani yake kuna kipande kidogo cha chuma ambacho kazi yake ni kuishika nyundo isianguke mpaka kidole kiachie. Kipande hicho kikilika, springi ikichoka, au uchafu na grisi iliyoganda vikikizuia kukaa mahali pake, nyundo inaponyoka na risasi ya pili inatoka bila kuombwa. Pengine kosa liko kwingine kabisa: pini ya kugonga imekwama kwa uchafu huku imechomoza mbele, au fataki ya risasi haikuzamishwa vizuri kwenye kitako cha ganda, na risasi inalipuka pale bolti inapofunga, nyundo haijagusa kitu. Na kuna wakati bunduki ni nzima, ila mpigaji ameishika kwa ulegevu. Mtikisiko unakirudisha kidole chake kwenye kifyatulio na yeye hahisi.

Sikio linasikia mlio uleule mara zote tatu. Sarufi ya sheria inazitenganisha. Katika hali ya mwisho kifyatulio kimetenda mara mbili, kwa hiyo bunduki iko nje ya sentensi. Ile ya fataki inaelea mpakani, kwa kuwa risasi ya pili haikutokana na tendo lolote la kifyatulio. Lakini bunduki ambayo chuma chake kimelika inaingia ndani moja kwa moja, kana kwamba sentensi iliandikwa kwa ajili yake. Kuchakaa na hila havina tofauti mbele ya kitenzi kile.

Haikuwa lazima iandikwe hivyo. Rasimu ya awali ilihesabu: silaha ya kupiga risasi 12 au zaidi bila kujazwa upya. Karl Frederick, aliyekuwa rais wa chama cha wamiliki wa bunduki cha NRA, aliwaambia wabunge mwaka huohuo wa 1934 kwamba alama ya rashasha ni tendo moja la kifyatulio, si idadi. Kama kazi ya uandishi, pendekezo lake lilikuwa bora zaidi. Namba yoyote ingekuwa ya kubahatisha. Mwaka 1968 wabunge wakafuta neno la nusu-otomatiki lililokuwamo na kuongeza kishazi cha kurejesha. Sentensi ikawa safi zaidi, na bado haina mtu.

Kazi ya kumwingiza mtu iliiangukia Mahakama ya Juu mwaka 1994, katika kesi ya Staples. Maofisa walikuta Oklahoma AR-15 iliyotiwa vipande vya bunduki ya kijeshi ya M-16; walipoijaribu ilipiga zaidi ya risasi moja kwa mvuto mmoja. Mwenyewe alisema mikononi mwake haikuwahi kufanya hivyo, na kwamba hata risasi mojamoja ilizipiga kwa shida. Serikali ilitaka ukimya wa sheria usomwe kama ruhusa ya kumtia hatiani asiyejua. Jaji Clarence Thomas alijibu kwa mbinu ya msimulizi: aliumba mhusika. Ni mtu aliyerithi bunduki kwa ndugu, akaiacha darini bila kuigusa. Kisha, katika sentensi nyingine, akapenyeza jambo zito kwa maneno machache, kwamba silaha ya nusu-otomatiki inaweza kugeuka rashasha wakati mwingine kwa kuchakaa tu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote katika hukumu ile. Majaji 7 dhidi ya 2 waliamua kwamba serikali lazima ithibitishe mtuhumiwa alijua bunduki yake inafanya nini.

Udhaifu wa hukumu hiyo uko kwenye tanbihi ya kwanza. Humo Thomas aliandika kwamba silaha ya otomatiki huendelea kupiga hadi kifyatulio kiachiwe au risasi ziishe. Baadaye, huko Wisconsin, AR-15 ya kuazimwa ilipiga risasi tatu au nne kwa mvuto mmoja kisha ikakwama, na mawakili wakaishika tanbihi hiyo: hii ilikwama, basi si rashasha. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ilikataa. Ilisoma sawasawa. Sheria inasema zaidi ya moja, na mbili zinatosha.

Mwaka 2024, katika kesi ya Cargill kuhusu kitako kinachoiacha bunduki iteleze na kifyatulio kikigonge kidole mfululizo, Thomas aliandika tena, akaungwa mkono na wengi, 6 kwa 3: si rashasha. Mrithi wa darini hayupo. Mahali pake pana michoro ya nyundo na kifyatulio, hatua kwa hatua. Jaji Sonia Sotomayor, akipinga, anaanza na mpigaji aliyewafyatulia risasi watu waliokuwa kwenye tamasha huko Las Vegas, Oktoba 2017. Michoro inaeleza chuma vizuri sana, lakini mwandishi aliyetufundisha mwaka 1994 kwamba sentensi hii haikamiliki bila mtu alipaswa kubaki na somo lake.

Sentensi inahitaji kishazi kimoja zaidi, cha silaha iliyoharibika ambayo mwenyewe ameacha kuitumia na ameipeleka itengenezwe. Hadi kiandikwe, mwenye bunduki iliyopiga mara mbili kwa mvuto mmoja aelekeze mtutu upande salama, aitoe magazini, ahakikishe chemba ni tupu, asiijaribu tena kwa risasi, na aipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Maneno ya sentensi ile hayajabadilishwa tangu 1968.